Bura Yangu Sibadili na Rehani: Historia Fupi ya Nguo, Duka na Kofia



Wanaokitayarisha kitabu chetu cha mwaka wameniomba niandike jambo la historia. Nilikuwa nimeazimia kuandika habari za majahazi, lakini katika jamaa yetu limetokea jambo dogo lililonikosesha raha, nalo limenirejesha katika historia kwa njia nyingine. Jambo lenyewe ni kofia.

Mtakumbuka kwamba kabla ya harusi yetu ya mwaka jana kamati ilikaa kuzungumza habari ya kofia 60 za vijana. Palikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuwaagizia dada zetu wa Unguja, wanaoshona kofia za viua kwa mkono. Ya pili ni kununua kofia za mashine katika duka moja la mjini hapa, ambazo bei yake haikufika hata sehemu ya kumi ya zile za mkono. Mtu wa kwanza kuinua mkono kuzikubali za mashine nilikuwa mimi. Nilisema maneno ambayo kila mwenye kushika fedha za watu huyasema: tusifanye israfu. Kofia zikaja, harusi ikapendeza, picha zikatoka nzuri.

Baadaye nilizungumza kwa simu na dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, aliyeko Ng'ambo. Akaniuliza, "Kofia zilikuwa nzuri?" Nikamjibu, "Nzuri." Akasema, "Alhamdulillahi." Tukazungumza habari za mvua na bei ya mchele, na mwisho, kama mtu anayetaja jambo lisilo uzito, akaniambia kwamba wale wasichana watatu aliokuwa akiwafundisha kutoboa viua hawaji tena. Hapana anayeagiza, na mtoto hawezi kukaa mwezi mzima na kofia moja asiyojua nani ataivaa.

Hakunilaumu hata kwa neno moja. Lakini wazee wetu walisema: bura yangu sibadili na rehani. Bura na rehani zote mbili ni nguo za zamani. Aliyesema methali hii hakudai kwamba bura yake ndiyo bora. Alisema tu kwamba ni yake. Mimi niliibadili, tena kwa furaha. Basi nimeona niwaeleze jinsi watu wa pwani yetu, na watu wa nchi hii tunayokaa, walivyowahi kubadili bura zao, yaliyowapata, na waliyoyafanya baadhi yao walipozinduka.

NGUO ZA KWETU

Wako vijana wetu wanaodhani kwamba watu wa pwani tangu hapo walikuwa wanunuzi tu wa nguo za ng'ambo. Sivyo. Waliochimba magofu ya Kilwa wameokota vigae vingi vidogo vya duara, vyenye tundu katikati. Vigae hivyo vilitiwa katika kijiti cha kusokotea uzi wa pamba. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandika kwamba mji ule ulifuma nguo zilizoitwa kwa jina lake, zisizo na mfano, zikipelekwa mpaka Misri. Pate ilisifika kwa hariri. Huko bara, Unyamwezi na Ufipa, wafumaji walikuwa wakikaa kwenye vitanda vyao vya mfumi hata katika karne ya 19.

Habari ninayoipenda kuliko zote ni ya Sofala. Mreno mmoja, Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, anaeleza kwamba watu wa Sofala walifuma nguo nyeupe za pamba yao wenyewe. Kwa kuwa hawakuwa na ujuzi wa kutia rangi, walinunua nguo za buluu zilizotoka Cambay katika Bara Hindi, wakazifumua uzi kwa uzi, kisha wakaufuma uzi ule wa buluu pamoja na uzi wao mweupe.

Iangalieni akili ile. Hawakuifukuza nguo ya mgeni, wala hawakuacha kufuma kwa sababu mgeni ameleta nguo. Walipokea, wakafumua, wakatia katika cha kwao. Bahari ilikuwa wazi, majahazi yalikuja na kurudi kwa kusi na kaskazi, lakini kitanda cha mfumi kilibaki nyumbani. Ndiyo maana mtu akisema leo kwamba anayetetea uchumi wa kwao hataki biashara na walimwengu, mimi hujibu kwamba watu wa Sofala walijua kuyafanya yote mawili.

MERIKANI

Tarehe 21 Septemba 1833 Seyyid Said bin Sultan alifanya mkataba na Marekani, na mjumbe wa Marekani alikuwa Edmund Roberts. Ushuru wa bidhaa zao ukawekwa asilimia 5. Mwaka 1837 akaja Unguja balozi wao wa kwanza, Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem katika jimbo la Massachusetts. Mwaka 1840 merikebu ya Seyyid, Sultana, ikafika New York na mjumbe wake Ahmad bin Na'aman. Nayo iliporudi ilichukua nguo za pamba miongoni mwa shehena yake.

Nguo hizo zilikuwa za pamba nzito isiyopaushwa, zilizofumwa kwa mashine katika viwanda vya Massachusetts. Wazee wetu waliziita merikani, na jina hilo bado tunalo. Zilikuwa imara, na zilikuwa rahisi. Wafanyabiashara wa Salem waliondoka na pembe za ndovu, sandarusi, ngozi na karafuu. Merikani ikaingia bara pamoja na misafara mpaka ikawa ndiyo fedha yenyewe. Hongo ya machifu, chakula cha njiani na ujira wa wapagazi vilihesabiwa kwa shuka na doti.

Wengi wetu tumefundishwa kwamba kitu rahisi kimeshinda kwa sababu ni rahisi, na maneno yamekwisha. Lakini historia inatutaka tuulize: urahisi huo nani aliulipa? Pamba ya viwanda vile ililimwa na watumwa katika majimbo ya kusini ya Marekani. Huku kwetu, nguo ile ikanunuliwa kwa pembe zilizobebwa mabegani mwa watu kutoka bara, na kwa karafuu za mashamba yaliyolimwa pia na watumwa. Sisi wenye asili ya Unguja hatuna cha kujitakasa hapa. Bei ilikuwa ndogo dukani kwa sababu sehemu kubwa yake ililipwa mahali ambapo mnunuzi hakuona.

Mwaka 1861 vikatokea vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani. Pamba ikaadimika, merikani ikapanda bei, na nguo za Uingereza na za Bara Hindi zikachukua nafasi. Mwishoni mwa karne ile nguo nyingi iliyouzwa pwani kwa jina la merikani ilikuwa imefumwa Bombay. Jina likabaki, mfumaji akabadilika, na mnunuzi hakuulizwa lolote.

Wafumaji wetu wengi walishindwa na kuacha. Wa Mogadishu hawakuacha. Walibadili, wakatumia hata uzi ulioletwa kutoka nje, lakini mtindo na mkono vikabaki vyao, na futa ya Banadir ikaendelea kufumwa kwa mkono mpaka zama zetu. Palikuwa na watu wa karibu walioijua nguo ile na kuitaka kwa jina lake.

Na kanga je? Kanga ni mali yetu kwa akili. Ilianza Unguja katika karne ya 19, wanawake walipounganisha leso za mraba zikawa nguo moja. Huko Mombasa, Kaderdina Hajee Essak alianza biashara yake mwaka 1887, na kanga zake zikajulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Maneno yakachapwa juu yake, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kirumi. Lakini kwa muda mrefu kanga zilichapwa Uholanzi, Uingereza, Bara Hindi na Japani. Marehemu baba yangu aliuza kanga kwa doti katika kiduka chake, na mimi nikiwa mtoto nilikuwa nikisoma majina kwa sauti. Maneno yalikuwa yetu, kitambaa na wino vikatoka kwao, na faida kubwa ikaenda ulikotoka wino.

TOAD LANE

Sasa nije katika nchi hii. Wengi wetu tunaokaa Lancashire tuko safari fupi ya basi kutoka Rochdale, lakini ni wachache waliokwenda kuitazama nyumba ndogo iliyoko Toad Lane. Tangu mwaka 1931 ni nyumba ya makumbusho. Wapelekeni watoto.

Katika miaka ya 1840 wafumaji wa Rochdale walikuwa katika dhiki. Mashine zilikuwa zimeangusha ujira wa wafumaji wa mkono, na migomo haikuwafaa. Chakula walichouziwa kilikuwa na hila. Unga ulichanganywa na chaki, na mizani haikuaminika. Palikuwa na waajiri waliowalipa watu wao kwa namna ya kuwalazimisha kununua katika duka la mwajiri huyo huyo, hata mshahara ukarudi ulikotoka kabla mke hajauona.

Watu 28 wakakubaliana kuchanga pauni moja kila mmoja. Hawakuwa nayo, kwa hiyo walichanga senti chache kila wiki mpaka ikatimia. Walipopata pauni 28 walikodi sehemu ya chini ya nyumba ya Toad Lane, na usiku wa tarehe 21 Disemba 1844 wakafungua duka. Ndani mlikuwa na siagi, sukari, unga wa ngano, unga wa shayiri na mishumaa. Watoto wa viwandani walisimama nje wakiwacheka.

Kanuni zao zilikuwa nyepesi kuzielewa. Kila mwanachama kura moja, awe na hisa moja au nyingi, mwanamume au mwanamke. Bidhaa iwe safi na mizani iwe ya haki. Fedha taslimu, hapana mkopo. Na faida igawiwe kwa kadiri mtu alivyonunua, si kwa kadiri ya mtaji wake tu. Hapo ndipo penye siri yote. Fedha aliyoitoa mama wa nyumba kununua unga ilimrudia mwisho wa hesabu, badala ya kusafiri kwenda kwa tajiri asiyeijua hata njia ya kufika Toad Lane.

Sisi tunalijua jambo hili kwa jina jingine. Mama zetu wamekuwa wakicheza upatu tangu kabla hatujazaliwa. Tofauti ni kwamba upatu humpa mtu mmoja fungu lake kwa zamu, na Rochdale waliliacha fungu lifanye kazi kwanza. Haba na haba hujaza kibaba. Wao walikifungulia duka kibaba hicho.

Mfano ule ulienea mpaka kwetu. Tanganyika ilipata sheria ya vyama vya ushirika mwaka 1932. Mwaka 1933 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, waliokuwa na chama chao tangu 1925, wakaunda KNCU, wakauza kahawa yao kwa pamoja.

KIWANDA NILICHOFANYIA KAZI

Mimi nilifika Lancashire mwaka 1973, nikaingia zamu ya usiku katika kiwanda cha kufuma. Nilijiona nimefika kwenye asili ya nguo zote. Babu zangu walivaa nguo za watu hawa, na sasa mjukuu wao anasimama mbele ya mashine yenyewe! Sikujua kwamba nimeingia katika nyumba ambayo wenyewe walikuwa wanaihama.

Mwaka 1912 viwanda vya Uingereza vilifuma kiasi cha yadi bilioni 8 za nguo za pamba, nyingi kwa ajili ya kuuzwa nje. Mnunuzi mkubwa alikuwa Bara Hindi, ambako wafumaji wa mkono walikuwa wamefukarishwa na nguo hizo. Watu wa huko walipoamua kuzisusia na kusokota uzi wao, pigo likafika Lancashire. Mwezi Septemba 1931 Mahatma Gandhi alikuja mwenyewe, akakaa karibu na Darwen, ili awatazame usoni watu waliopoteza kazi. Aliwaambia kwamba wasio na kazi Uingereza walikuwa milioni 3, na kwao watu karibu milioni 300 walikuwa hawana kazi nusu ya mwaka. Wafanyakazi wa kike wa kiwanda walipiga picha pamoja naye, wakimshangilia. Nadhani walielewa kwamba yeye na wao walikuwa wamefungwa kamba moja, ambayo ncha yake haikuwa mkononi mwa yeyote kati yao.

Mwaka 1958 Uingereza ilinunua nguo za pamba kutoka nje nyingi kuliko ilizouza. Viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine. Chetu kilifungwa mwaka 1980. Siku ya mwisho fundi mmoja mzee, Mwingereza, aliyekuwa hana mazoea ya kusema nasi, alipita kwenye mashine zote akazifuta mafuta, ingawa alijua zitauzwa kuwa vyuma vikuukuu. Nilimsaidia. Hatukuzungumza.

Siku hizi jambo hili lina jina, wanaliita utandawazi. Makampuni makubwa huhamisha kazi kutoka nchi hadi nchi kuutafuta mkono unaolipwa kidogo kuliko yote. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, karibu na Dhaka huko Bangladesh, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100, wengi wao wanawake waliokuwa wakishona nguo za maduka ya Ulaya na Marekani. Nyufa zilionekana siku moja kabla, wakaambiwa waingie kazini. Ni hesabu ile ile ya merikani: bei ndogo dukani, na salio limelipwa na mtu tusiyemwona.

Kwetu Afrika Mashariki mambo yamekwenda vivyo hivyo. Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa mkopo wa China, kikatengeneza kanga na vitenge, na hatimaye kitambaa, maneno na wino vikawa vya nyumbani. Lakini katika miaka ya 1980 na 1990 viwanda vingi vya nguo vililegea kwa upungufu wa vipuri, umeme na fedha za kigeni, na soko lilipofunguliwa mitumba ikajaa. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuipunguza mitumba mpaka iishe. Marekani ikatishia kuwaondolea nafuu ya ushuru, na wengi wakarudi nyuma. Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola kwa kilo mpaka dola 2 na nusu, ikashikilia. Na mwezi Julai 2018 nguo zake zikanyimwa nafuu hiyo katika soko la Marekani. Sisemi kwamba Rwanda ilifanya sawa au makosa, maana mitumba nayo inalisha wauzaji wengi maskini. Nasema tu: angalieni jinsi ilivyo vigumu kwa nchi nzima kuchagua nguo yake.

JINA ZURI LILIPOTUMIWA VIBAYA

Hapa lazima niseme jambo ambalo baadhi yenu tayari mnalifikiria. Mtasema: sisi tumekaa ugenini kwa sababu ya maneno haya haya. Uchumi wa wenyeji! Mali kwa wananchi! Ni kweli. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda katika siku 90, akaita vita vya uchumi. Zaidi ya watu 27,000 walikuja Uingereza. Ami yangu alikuwa na duka Kampala. Alipofukuzwa lilipewa mtu asiyejua hata bei ya sabuni ilipangwaje, na baada ya muda si mrefu sabuni yenyewe haikuwapo. Na wengi wetu tunayo ya kwetu ya mwaka 1964, ambayo sina haja ya kuyaeleza katika kitabu hiki.

Hata pale ambapo hapakuwa na kufukuzana, amri ya juu iliharibu. Mwaka 1976 serikali ya Tanzania ilivunja vyama vikuu vya ushirika, vikiwemo vya wakulima waliovijenga kwa jasho lao. Mwaka huo huo ikaendeshwa Operesheni Maduka, ya kufunga maduka ya watu binafsi ili yafunguliwe ya ujamaa. Bidhaa zikaadimika, operesheni ikasimamishwa. Vyama vya ushirika vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, lakini mti uliokatwa haurudi kuwa mrefu kwa kuandikiwa barua.

Kwa hiyo mimi sitetei uchumi wa kwetu kwa maana ya ukoo, rangi au kabila. Ami alizaliwa Kampala, aliuza Kampala, alikopesha Kampala, na fedha yake ilizunguka Kampala. Yeye alikuwa uchumi wa Kampala kuliko aliyemfukuza. Mwenyeji ni yule ambaye unajua mlango wake, naye anajua wako. Ambaye akikupunja utamwona kesho, na ukimpunja atakuona wewe. Rochdale hawakuuliza babu yako nani. Waliuliza kama umelipa senti zako za wiki, na kama uko tayari kusomewa hesabu mbele ya wenzako. Na hawakumfukuza mtu: walifungua mlango wao, wakauza unga safi.

TUFANYE NINI

Narudi kwenye kofia. Mtu anaweza kusema kwamba kofia 60 hazitausimamisha utandawazi. Kweli, hazitausimamisha, wala pauni 28 hazikuifuta njaa ya Lancashire. Lakini kofia 60 ni miezi 60 ya kazi ya mikono. Ni wasichana watatu waliokuwa na kazi ya kuwaweka nyumba moja na bibi anayejua. Mkono ukishasahau, hapana mkataba wala ushuru utakaourudisha. Dada yangu ana miaka 71. Hiyo ndiyo saa tuliyonayo.

Basi natoa shauri langu, mkutano wetu wa Idd ulizungumze na kulirekebisha. Kila nyumba ichange pauni 2 kwa mwezi katika fungu moja, mbali na michezo yetu ya kawaida. Kwa fedha hizo tuagize kofia mapema, miezi sita kabla ya harusi na siyo wiki sita, na tutoe nusu ya bei mkononi, ili mshonaji asikae na njaa akingoja tupendezwe. Bei wapange wao na sisi, kwa kuzungumza. Kila nyumba iwe na kura moja, tajiri na asiye tajiri. Hesabu isomwe kwa sauti kila Idd, na mimi niwe wa kwanza kuulizwa. Asiyetaka asilazimishwe, na anayevaa kofia ya mashine asichekwe. Kijana mwenye kofia ya mashine kichwani ni mtoto wetu. Na likifaulu hili la kofia, iko mikeka, viko vikoi, na yako maduka madogo ya mitaa yetu hapa, ya wenyeji na ya wageni, ambayo tunayapita kila Jumamosi tukienda kwenye duka kubwa la nje ya mji.

Mimi nimekwisha kuanza, maana nina deni. Niliagiza kofia mbili za wajukuu wangu, nikatanguliza fedha. Moja imefika mwezi uliopita, ndani ya begi la mgeni, imefungwa katika kipande cha kanga. Viua vyake si sawasawa vyote, na upande mmoja mkono unaonekana ulitetemeka. Nilimpigia simu dada nikamwuliza kama macho yamechoka. Akacheka, akasema hiyo hakushona yeye. Ameishona msichana mmoja kati ya wale watatu, amerudi.

Wamebaki wawili. Tukutane Idd, inshallah, kila mtu na rai yake.

Wabillahi tawfiq.